Mkono wa Nani

Pale karakana ya viungo bandia walimwita Mama Vidole, ingawa hakuwahi kuzaa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na tisa kati ya hiyo aliimaliza akichonga vidole vya nta: gumba, cha shahada, cha kati, cha pete na cha mwisho. Mafundi wenzake walimtania kwamba hana mtoto hata mmoja wa kumtuma dukani, lakini ana vidole mia nne na vyote vinamtii. Jina hilo hakulichukia. Lilitokana na kazi yake, si na mume wala ukoo wa mtu.

Karakana yenyewe ilikuwa nyuma ya hospitali, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu, meza za plasta, tanuri dogo, na vumbi jeupe lililoingia hata kwenye vikombe vya chai. Wengine walitengeneza miguu na mikongojo. Mikono ya ndoano na nyaya, ile ya kushikia vitu, ilikuwa na fundi wake. Mama Vidole alitengeneza mikono isiyoshika chochote. Hiyo ilikuwa mikono ya kuonekana, ili mtu aliyekatwa mkono akae katikati ya watu bila kukodolewa macho. Alichonga umbo kwa nta, likageuzwa kuwa povu gumu, kisha juu yake ikavutwa glavu ya mpira laini yenye kucha na mikunjo yake. Glavu zilikuja kwenye maboksi. Ubavuni mwa kila boksi paliandikwa: rangi ya ngozi.

Ilikuwa rangi moja, ya weupe uliochanganyika na pinki kidogo, na ilifanana na ngozi ya watu wachache kati ya wale waliokuja pale. Waliobaki, weusi tii, maji ya kunde na wote wa katikati, walivalishwa hiyohiyo.

Juu ya mlango Mkuu wa kituo alikuwa ametundika kibao alichokiandika kwa mkono wake: "Hapa hatuoni rangi. Tunaona mtu." Hakukitundika kwa unafiki. Mkuu alikuwa daktari mpole, mweupe, mwenye nywele zilizoanza kumkimbia, anayejua watoto wa wafagiaji wanasoma darasa gani. Mwaka mmoja alimfukuza muuguzi siku hiyohiyo kwa kumtolea mgonjwa neno baya juu ya weusi wake. Fomu za kituo hazikuwa na mahali pa kuandika rangi ya mtu, na alipenda kuwaonyesha wageni jambo hilo.

Lakini aliyejivunia fomu zile kuliko Mkuu alikuwa fundi mkuu, ambaye kwa Mama Vidole alikuwa mjomba, kaka wa mama yake wa toka nitoke. Ndiye aliyemfundisha kushika kisu cha nta. Mjomba alikuwa mzee mweusi, mrefu, mwenye vidole vitatu tu mkono wa kushoto. Msumeno ulichukua viwili alipokuwa kijana. Watu walipomuuliza mbona fundi wa viungo hajitengenezei vidole, alijibu kwamba fundi hahitaji pambo. Yeye alianza kazi hospitali ile enzi za milango miwili na madaftari mawili. Katika daftari la pili ndimo walimoandikwa watu kama yeye, na waliomo humo walihudumiwa tu baada ya wa daftari la kwanza kuisha. Siku moja yeye na wenzake kumi na wawili walikataa kuandika jina la mtu yeyote kwenye daftari la pili. Walikaa nyumbani miezi saba bila kazi. Waliporudi, daftari lilikuwa moja. Kwa hiyo mtu akimwambia Mjomba kuhusu kuandika rangi, ilikuwa kama kumwambia arudishe mlango wa pili.

Mambo yalianza siku karani wa posta alipokuja kuchukua mkono wake. Mashine ya kukatia karatasi ilikuwa imemkata mkono wa kushoto juu kidogo ya kifundo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mweusi wa kung'aa, mwenye maneno machache na macho yasiyokwepa. Kazi yake ilikuwa kukaa dirishani kutwa nzima, mikono juu ya kaunta, watu wakipanga foleni mbele yake.

Mama Vidole alimfunga mkanda, akamwekea mkono sawasawa juu ya mapaja, akasogea nyuma kidogo kama afanyavyo siku zote. Karani aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Kisha akauliza, bila ukali:

"Dada, huu mkono ni wa nani?"

"Ni wako, mama."

"Wangu ninaujua, nimekaa nao miaka arobaini na mmoja. Huyu ni mgeni."

Mama Vidole alimweleza kwamba mwanzoni kila mtu huona vigumu, kwamba atazoea. Karani alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu. Ndipo akasema kwamba sasa hivi watu wakifika dirishani wanakiona kisiki, wanashtuka mara moja, yanaisha. Akivaa huu watautazama mpaka foleni iishe, wakijiuliza ameuokota wapi. Akafungua mkanda mwenyewe kwa mkono wa kulia na meno, akauweka mkono juu ya meza polepole kama anayerudisha sahani ya jirani, akashukuru, akaondoka.

Siku ile Mama Vidole hakuchonga tena kitu. Alikaa akiwakumbuka waliomtangulia yule karani, wale waliovaa kimya kimya na kumwambia asante. Alikuwa akikutana nao mjini. Mmoja aliutia mkono mfukoni hata jua likiwaka. Mwingine aliufunika kwa mtandio. Dereva mmoja mstaafu alivaa soksi juu yake. Kwa miaka tisa alidhani wanaficha ulemavu wao. Sasa ilimjia kwamba walikuwa wanaificha kazi yake.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Mkuu kuomba glavu za rangi nyingine. Mkuu alimkaribisha kiti. Alimwambia kwamba anaelewa uchungu wa yule mama, lakini kuagiza kwa rangi maana yake ni kuandika mgonjwa yupi ana rangi gani, na hilo kituo kilishaliapia. Alisema kila mgonjwa anapata mkono uleule, wa ubora uleule, tajiri na maskini, na kwamba huo ndio usawa. Alisema kwa upole mwingi, na ule upole ndio uliomkera Mama Vidole kuliko kama angefokewa.

Jumapili alikwenda kula mchana kwa Mjomba, kama kawaida yake, akidhani huko atapata wa kumuunga mkono. Hakumpata. Mjomba alisikia habari yote akiwa anatafuna, akaweka kijiko chini.

"Mpwa wangu, wewe unaona rangi ya mpira. Mimi naona safu kwenye fomu. Leo utaandika mtu ni mweusi ili apate mkono mzuri. Kesho wewe haupo, mimi nimezikwa, fomu zipo. Atakuja mwingine azisome kwa jicho lake."

"Kwa hiyo tufumbe macho ili mwizi asipate pa kumulika?"

"Ikibidi, tufumbe."

"Aliyefumba macho hachagui asione kipi, Mjomba. Anakwenda akigonga watu."

"Wewe hujui kugongwa," alisema Mjomba. "Ulizaliwa mlango umeshakuwa mmoja."

Mke wa mjomba akaanza kukusanya sahani ingawa chakula kilikuwa hakijaisha, akaulizia habari za mama yake Mama Vidole, ambazo alizijua vizuri kwa kuwa walikuwa wameongea jana yake. Wakamaliza mlo kwa kuzungumzia bei ya mabati. Mama Vidole aliondoka akiwa na hasira, na pia na aibu, kwa sababu neno la mwisho la Mjomba lilikuwa la kweli.

Hata hivyo Jumatatu alipita posta. Alipanga foleni kama watu wengine, na zamu yake ilipofika alimuuliza karani kama anaweza kuja karakana jioni tatu, baada ya kazi, akae dirishani. Karani alimuuliza kukaa tu? Akajibiwa, kukaa tu, na mkono wake mzima.

Vifaa vilikuwepo. Kulikuwa na mpira wa maji waliotumia kutengenezea soksi za visiki, na visahani vya rangi za kuchorea kucha na mishipa: nyekundu, kahawia, njano, buluu, nyeusi. Mama Vidole hakumwomba mtu ruhusa. Alijua jibu lake, na aliona kuomba tena ni kujitafutia amri ya kuivunja.

Jioni ya kwanza aliharibu kila kitu. Alichanganya kahawia na nyeusi, akapata rangi ya kiatu. Karani alicheka, akasema mkono huo unahitaji kupigwa brashi. Jioni ya pili akaacha kutafuta rangi moja. Aliushika mkono wa karani karibu na kioo, akaugeuza huku na huku, akaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake tangu azaliwe: weusi wa mtu hauko mahali pamoja. Juu ya viungo vya vidole ulikuwa mzito, karibu zambarau. Kwenye mgongo wa mkono ulikuwa na wekundu chini yake, kama moto uliofunikwa majivu. Kiganja kilikuwa kingine kabisa, na mpaka wa viwili hivyo haukuwa mstari. Ulikuwa unaingiliana taratibu ubavuni mwa kidole. Kucha zilikuwa na rangi ya waridi iliyokolea udongo. Kila rangi aliichanganya peke yake na mpira wa maji, akaipaka ndani ya kalibu aliyoitoa kwenye umbo la nta, tabaka juu ya tabaka, akaitia tanurini.

Jioni ya tatu karani aliuvaa. Akailaza mikono yote miwili kwenye kizingiti cha dirisha. Hakulia, na Mama Vidole alimshukuru moyoni kwa hilo. Aliufinya ule mpya, akauinamia, akauambia:

"Haya, mtoro wewe. Ulikuwa wapi?"

Habari haikuhitaji kutangazwa. Mtu anayekaa dirishani posta anaonwa na mji mzima. Ndani ya wiki sita walikuja wengine saba, na wote walisema wametumwa na karani. Alikuja yule dereva wa soksi. Alikuja pia mwashi mmoja mwenye ualbino, ambaye Mama Vidole alidhani hana shida na mkono wa boksi. Mwashi alisema watu hudhani hivyo. Akauweka karibu na ngozi yake, na kweli, ulionekana kama wa mtu mwingine aliyeanikwa juani na kusahauliwa. "Hata huu weupe wangu una mwenyewe," alisema. "Si wa kukopa."

Mtunza stoo alipohesabu mpira wa maji, ukawa pungufu. Mama Vidole hakumruhusu kuhangaika. Alimwambia yeye ndiye aliyeutumia na akamwonyesha kwa nani. Siku mbili baadaye akapewa barua. Ilisema ametumia vifaa bila idhini, jambo ambalo alilikubali. Ilisema pia kwamba amewabagua wagonjwa kwa misingi ya rangi. Hapo aliisoma mara tatu, akidhani ameruka neno.

Kikao kilikuwa ofisini kwa Mkuu, saa nne asubuhi. Walikuwepo Mkuu, afisa utumishi mwenye faili, na Mjomba kwa cheo chake cha fundi mkuu. Afisa utumishi alisoma mashtaka kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vyombo. Mkuu akasema hapendi mambo yafike mbali. Kulikuwa na karatasi imeshaandaliwa: Mama Vidole akiri kwamba aliwatofautisha wagonjwa kwa rangi zao, aombe radhi, asaini, arudi kazini. Wakamsogezea kalamu.

Aliisukuma kalamu ikarudi ilikotoka.

"Kuhusu mpira wa maji, nisainisheni hata sasa hivi, nilichukua. Hili la pili sisaini."

Mkuu akamuuliza kwa masikitiko kama kweli anaona ni haki kumtazama mgonjwa na kitu cha kwanza kukiona kiwe rangi yake.

"Daktari, mguu wa bandia tunapima urefu," alisema Mama Vidole. "Kila mtu na wake. Sijasikia mtu akisema tunawabagua wafupi. Mikono yangu haishiki kikombe, haifungi kitufe, haipungi hata kwaheri. Kazi yake ni moja tu, kuonekana. Mnaniambia nitengeneze kitu cha kuonekana, halafu mnaniambia nifumbe macho."

"Tunakuambia uwape watu wote kitu kilekile."

"Mnawapa wote kitu cha mtu mmoja. Mwenye nacho anakiona ni cha wote kwa sababu kinamkaa."

Afisa utumishi aliacha kuandika. Mkuu akawa mwekundu mpaka masikioni. Alisema kwamba maisha yake yote amekataa kumpima mtu kwa ngozi, na hastahili kuambiwa hivyo chini ya paa lake. Mama Vidole alimwambia kwamba anamwamini, na kwamba ndiyo maana anamwambia yeye. Angekuwa mtu mbaya asingepoteza pumzi.

Mkuu akamgeukia Mjomba, kwa kuwa katika jambo hili hajawahi kumkosa. Akamwomba aseme neno.

Mjomba alikuwa ameweka mkono wa kushoto juu ya meza, ule wa vidole vitatu, na aliongea akiutazama huo badala ya watu.

"Mimi nilijitengenezea," alisema. "Miaka ishirini iliyopita. Nilichonga viwili, nikavivalisha kutoka boksi la kwanza lililokuja hapa. Nikaenda navyo chooni penye kioo nisionwe. Nilivaa kwa muda wa kunawa uso tu. Nikatoka nikavitia tanurini."

Akaugeuza ule mkono, kiganja juu.

"Sikumwambia mtu. Nilijiambia fundi hahitaji pambo. Ningesema sikupenda rangi, ningekuwa mimi wa kwanza kuirudisha ile habari tuliyoifukuza kwa miezi saba. Nikaona heri niwe na vidole vitatu." Akamtazama Mkuu. "Fomu sitaki ziguswe, na hilo sibadilishi. Ila huyu hajagusa fomu. Nimeangalia. Hajaandika popote mtu ni rangi gani. Amemweka mtu dirishani akamtazama. Sisi tulipokataa lile daftari hatukusema tusitazamwe. Tulisema tusipangwe."

Mama Vidole alikaza macho yake kwenye kona ya meza. Miaka tisa amefanya kazi hatua nne kutoka kwa mzee huyu, na hakuwahi kujua.

Ungedhani yangeisha pale, lakini mtu mwema aliyeumizwa ni mgumu kuliko mbaya. Mkuu aliwashukuru wote wawili, akasema utaratibu ni utaratibu. Mpaka atakaposaini, Mama Vidole aondolewe kwenye mikono, apelekwe stoo ya mikongojo. Akanyanyuka kabla ya wote ili asijibiwe.

Stoo ya mikongojo ilikuwa chumba kisicho na dirisha, na kazi yake ilikuwa kupiga msasa na kubadilisha mipira ya chini. Mama Vidole aliifanya vizuri. Kila Ijumaa afisa utumishi alimletea karatasi na kalamu, na kila Ijumaa alimrudishia vyote viwili na kumuuliza habari za nyumbani. Mama yake alimpigia simu akamwambia asaini tu, funika kombe mwanaharamu apite, maneno ya karatasi hayamtoboi mtu. Alimjibu kwamba karatasi hiyo itakaa kwenye faili baada ya wote kusahau, na siku moja mtu ataisoma, ataamini kwamba kuona mwenzako vizuri ni kosa. Alipokata simu alitambua kwamba ameongea kama Mjomba.

Wiki ya tano, Jumatatu asubuhi, karani wa posta aliomba ruhusa kazini akaja hospitali. Hakuja peke yake. Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni watu wenye mikoba, mifuko, magazeti yaliyokunjwa. Walipita mapokezi kwa utaratibu, wakaingia ofisini kwa Mkuu mmoja mmoja. Kila mtu alifungua alichobeba, akatoa mkono wa boksi, akauweka mezani. Wengine walikuwa na mikono waliyokaa nayo miaka sita au saba. Dereva mstaafu aliuacha na soksi yake. Hawakupiga kelele. Walisalimiana na Mkuu, wakamweleza kwamba hawana ubaya naye, na kwamba wanarudisha tu kisicho chao. Mwashi alipofika zamu yake aliuweka wake, akamwomba katibu muhtasi ampe risiti.

Kufika adhuhuri ilikuwa kumi na tisa. Ilifunika meza yote, viganja juu, mingine juu ya mafaili, na yote ilikuwa rangi moja. Mkuu alibaki nayo peke yake, mlango umefungwa. Yaliyotokea baadaye aliyasimulia katibu muhtasi, ambaye si mtu wa kuongeza chumvi. Anasema aliingia na chai, hakuona pa kuiweka, akasimama akisubiri. Mkuu alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wake mwenyewe umelala katikati ya ile mingine. Mara mkono mmoja ukasogea. Katibu muhtasi alishtuka, chai ikamwagika. Kisha akaona ni wa Mkuu.

Mkuu naye aliona alivyoshtuka. Alitazama mkono wake, akatazama iliyouzunguka, akauondoa mezani akautia mfukoni. Alikaa hivyo, mkono mfukoni, mpaka chai ikapoa.

Siku ya pili yake aliteremka stoo ya mikongojo. Hapakuwa na kiti kingine, kwa hiyo alisimama. Alimwambia Mama Vidole arudi dirishani kwake. Ataagiza mpira wa maji wa kutosha na rangi zote, fomu zitabaki zilivyo, na kila mgonjwa atakaa mwanga wa mchana atazamwe. Aliongea haraka, kama mtu anayemeza dawa.

Mama Vidole alimaliza kupiga msasa mkongojo aliokuwa ameushika.

"Na barua?"

"Barua ya nini? Tumeyamaliza."

"Iliyosema nimebagua watu. Iko kwenye faili."

Mkuu alimwambia ashukuru kwa alichopata, asitafute kumdhalilisha mtu. Mama Vidole alimjibu kwamba hatafuti kumdhalilisha. Kama angetaka hivyo angemwomba asaini yeye ile karatasi ya kuomba radhi. Anataka faili liseme kweli. Kisha akachukua mkongojo mwingine. Alifanya kazi stoo siku tatu zaidi, wagonjwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa fundi, mpaka afisa utumishi alipokuja, safari hii bila kalamu, akiwa na barua mkononi, akamwonyesha inavyochanwa.

Hawakupata kuwa marafiki tena, yeye na Mkuu. Walisalimiana, walifanya kazi, mikono ikatoka. Mwaka uliofuata Mjomba alistaafu, na nafasi ya fundi mkuu ikatangazwa. Waliomba watatu. Mkuu aliita kila mmoja, akawaambia kwamba ataamua bila kujali mtu ni nani. Mama Vidole alimwambia kwamba angependa ajali, tena sana, atazame kila kitu, halafu aamue kwa haki.

Hakupata. Nafasi ilikwenda kwa fundi wa miguu, mtu mkimya aliyemzidi miaka mitano kazini. Mama Vidole aliomba sababu kwa maandishi, na Mkuu, kwa uungwana wake, alimwandikia. Alizisoma amesimama palepale ofisini. Ya kwanza ilisema mwenzake anajua kutengeneza miguu na mikono pia, naye anajua mikono tu. Ilikuwa kweli. Ya pili ilisema hajawahi kusimamia watu. Nayo ilikuwa kweli, ikamuuma, akaikubali. Ya tatu ilisema ni mkaidi.

Mkuu alimwona amefika pale, akasema kwa haraka kwamba kama linamkera atalifuta.

"Usilifute," alisema Mama Vidole, akairudisha karatasi mezani. "Ni kweli. Ila chini yake andika nilikaidi nini."

Mkuu alimtazama. Kisha akavuta karatasi karibu, akafungua kalamu, akamuuliza tarehe ya kile kikao. Mama Vidole aliikumbuka, akamtajia na saa.